Bukavu: Mradi ukiisha, nani anabaki na funguo za tovuti?

Tarehe 3 Desemba 2025, watunzaji wa React, mojawapo ya vyombo vinavyotumiwa zaidi duniani katika kujenga tovuti, walitangaza kwamba sehemu moja ya kazi yao ilikuwa na tundu. Katika kipimo cha hatari, tundu hilo lilipewa alama 10 juu ya 10. Mtu aliye mbali, asiye na neno lolote la siri, angeweza kutuma ujumbe kwa seva na kuifanya itii amri zake. Dawa ilitolewa siku hiyo hiyo. Lakini kampuni ya Amazon ilieleza kwamba ndani ya masaa machache tu, vikundi vya wadukuzi vinavyohusishwa na China vilikuwa vimeanza kujaribu kuingia.

Hapa Bukavu, habari ya namna hiyo hupita bila kelele. Wakaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira wana mashaka yao ya kila siku: usalama wa usiku, benki zilizofunga milango tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili mwaka 2025, umeme wa SNEL unaokatika, bei za sokoni. Nani ana nafasi ya kuuliza kama tovuti ya shirika fulani inatumia programu ya zamani?

Hata hivyo, swali hilo linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi mashirika ya Kivu Kusini yameandika majina ya watu kwenye ordinateri: waliokimbia vita, waliopokea chakula, waliobakwa, watoto waliopotezana na wazazi, wanachama wa vikundi vya akiba, wanafunzi wa vyuo vikuu. Sehemu ya majina hayo iko nyuma ya tovuti na programu zilizojengwa mara moja, zikalipiwa mara moja, kisha zikaachwa. Katika mji wa amani, listi ya majina ikivuja ni aibu na hasara. Katika mji wenye silaha, listi hiyo inaweza kumfikisha mtu asiyetakiwa mpaka mlangoni pa mtu aliyejificha.

Nyumba ya matofali ya wengine

Tuanze na jambo ambalo wakubwa wengi wa mashirika hawaelezwi wanapolipia tovuti. Fundi wa tovuti hafanyi kila kitu kwa mkono wake, kama vile fundi wa nyumba hafyatui kila tofali wala hapiki saruji mwenyewe. Anachukua kiunzi kilichotengenezwa tayari, kama Laravel, Django, au Next.js inayosimama juu ya React. Kiunzi hicho nacho kinaita vipande vingine vilivyoandikwa na watu wengine, na vipande hivyo vinaita vingine tena. Tovuti ndogo ya shirika la Nyawera au Nguba inaweza kusimama juu ya makumi ya vipande, mara nyingine mamia, vilivyoandikwa na watu wa nchi nyingi ambao hawajui kama Bukavu iko wapi.

Hakuna ubaya wowote katika kufanya hivyo, kwa kuwa dunia nzima inajenga namna hiyo. Shida inaanzia hapa: siku mmoja wa watu hao anapogundua tundu katika kipande chake, anatangaza wazi na kutoa toleo jipya lililozibwa. Tangazo hilo linasomwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni fundi anayetaka kuziba. Wa pili ni mwizi, ambaye sasa ameonyeshwa mahali hasa pa kupiga. Kuanzia saa ile, asiyesasisha anakuwa kwenye hatari kubwa kuliko jana yake, ingawa yeye hajagusa kitu.

Mbio hizo ni fupi sana. Mwezi wa Oktoba 2014, watunzaji wa Drupal, programu ya kujenga tovuti ambayo mashirika mengi ya misaada yameitumia, walitangaza tundu kubwa. Wiki mbili baadaye wakaongeza onyo lililoshtua wengi: tovuti yoyote ambayo haikuzibwa ndani ya masaa saba baada ya tangazo la kwanza, mwenyewe aihesabu kuwa imekwisha kuvamiwa. Masaa saba ni chini ya usiku mmoja wa kukosa umeme Bukavu.

Wadukuzi hao hawachagui kwa kujua jina lako. Wengi wao wanaachia mashini zizunguke intaneti nzima, zikigonga kila mlango na kuuliza swali moja: je, kufuli hili ni la zamani? Kwa hiyo neno tunalolisikia mara nyingi katika ofisi za mji huu, kwamba "sisi ni wadogo, nani atatutafuta?", halina msingi. Hakuna anayekutafuta wewe. Wanatafuta kufuli bovu, na wakilipata ndipo wanatazama ndani kuna nini.

CICR ilichelewa, watu 515,000 wakaguswa

Kuna kisa kimoja ambacho kila shirika la Kivu lingepaswa kukijua. Tarehe 19 Januari 2022, Kamati ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika seva zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000. Hao hawakuwa wateja wa benki. Walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita, uhamaji au maafa, watu waliotoweka na jamaa wanaowatafuta, pamoja na watu walio kizuizini. Habari hizo zilikuwa zimetoka kwa vyama vya Msalaba Mwekundu visivyopungua 60 duniani kote.

Msomaji wa Bukavu anaijua kazi hiyo. Katika kila kukimbia, iwe Masisi, Minova, Kalehe au Uvira, kuna mtoto anayepotezana na mama yake, na mara nyingi ni wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu wanaoandika jina lake, jina la baba, kijiji alikotoka na mahali alipoonekana mwisho. Bila karatasi hiyo familia haikutani tena.

CICR yenyewe ilieleza jinsi wadukuzi walivyopita. Mwezi wa Septemba 2021, watengenezaji wa programu moja iliyokuwa kwenye seva hizo, inayosaidia wafanyakazi kubadilisha maneno yao ya siri, walitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa. Kiraka hicho hakikuwekwa kwa wakati. Tarehe 9 Novemba 2021 wadukuzi wakaingia. Waligunduliwa tarehe 18 Januari 2022, yaani siku 70 baadaye. Mkurugenzi mkuu wa CICR wakati huo, Robert Mardini, aliwaomba wadukuzi hadharani wasiuze wala kusambaza habari za watu ambao wamekwisha kuteswa vya kutosha.

Shirika hilo lilifanya jambo ambalo wengi hawafanyi: lilieleza kosa lake kwa maandishi ili wengine wajifunze. Na somo lenyewe ni zito. CICR ina mafundi, ina pesa, ina sheria za ndani kuhusu kulinda siri za watu, na bado kiraka kimoja kilipita. Hapo shirika la watu kumi la Kadutu, linalotegemea kijana mmoja wa nje, lina haki gani ya kulala bila wasiwasi?

Mfano wa pili unatoka Marekani, na unaonyesha kwamba hata utajiri hauzibi ufa. Mwezi wa Machi 2017, watunzaji wa Apache Struts, kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Java, walitoa dawa ya tundu kubwa. Kampuni ya Equifax, inayohifadhi habari za mikopo ya raia, iliwaambia mafundi wake waizibe ndani ya masaa 48. Lakini tovuti moja ya zamani ya kupokea malalamiko ya wateja ilisahauliwa. Katikati ya Mei wadukuzi wakaingia, wakakaa mpaka mwisho wa Julai. Habari za watu wapatao milioni 147 zikaondoka. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa kiasi kinachoweza kufika dola milioni 700.

Uchunguzi wa bunge la Marekani ulionyesha jambo lingine: chombo kilichopaswa kuona wizi huo kilikuwa hakioni, kwa sababu cheti chake kilikuwa kimeisha muda zaidi ya mwaka mmoja na hakuna aliyekirudishia uhai. Amri ya kuziba ilitolewa. Hakuna mtu aliyekuwa na orodha kamili ya vitu vya kuziba.

Siku .cd ilipokuwa karibu kupotea

Kuna wanaodhani mambo haya ni ya Ulaya na Amerika. Nchi yetu ina kisa chake, na kilifika mbali kuliko wengi wanavyojua.

Kila tovuti ya Kongo inayoishia na .cd inategemea seva chache zinazoijulisha dunia mahali tovuti hiyo inapopatikana. Moja ya seva hizo ilikuwa inaitwa kwa jina la scpt-network.com, linalotokana na SCPT, kampuni ya serkali ya posta na mawasiliano. Jina la namna hiyo linakodishwa kwa muda, na pesa yake ni ndogo sana. Mwishoni mwa mwaka 2020 muda wake uliisha bila kulipiwa upya.

Mtafiti mmoja wa Sweden, Fredrik Almroth, aliliona limebaki wazi, akalinunua kabla ya mtu mwingine. Kwa bei ya jina la kawaida la intaneti, alijikuta na uwezo wa kupokea karibu nusu ya maswali yote yanayohusu tovuti za .cd. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuwageuza watu wanaotafuta benki, wizara au gazeti na kuwapeleka kwenye tovuti ya uongo, wakaandika huko maneno yao ya siri bila kushuku. Almroth aliwajulisha wahusika, akaeleza kisa hicho hadharani mwezi wa Januari 2021, na wahusika wakahamia jina lingine.

Hakuna aliyevunja mlango. Kitu kidogo kilichopaswa kufanywa kwa tarehe fulani hakikufanywa, na nchi nzima ikabaki wazi kwa siku kadhaa. Tukitaka kujua kwa nini tovuti za Bukavu hazisasishwi, jibu liko hapo: kazi ndogo, isiyoonekana, isiyo na mwenyewe.

Kwa nini kazi hii haifanyiki kwetu

Sababu ya kwanza ni namna tunavyolipa. Mfadhili anatoa pesa ya kujenga tovuti ya mradi wa miaka miwili. Katika bajeti kuna mstari wa kujenga, kuna mstari wa mafunzo, kuna mstari wa sherehe ya uzinduzi. Mstari wa kutunza haupo, au unaishia siku mradi unapoisha. Fundi anapokea dola zake, anakabidhi neno la siri, anakwenda kutafuta kazi nyingine. Kumwomba arudi kila mwezi kusasisha vipande bila malipo ni sawa na kumwambia muashi awe anarudi kupaka nyumba yako rangi kwa mapenzi tu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 jambo hili lilizidi. Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi wa Januari, miradi mingi ikafungwa ghafla, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Lakini seva haijui kwamba mradi umefungwa. Mradi ukifa, programu iliyokuwa ikipokea majina ya walengwa inaweza kuendelea kuwaka mahali fulani mpaka siku malipo ya seva yatakapoisha, na majina yote ndani.

Sababu ya pili ni vita yenyewe. Tangu Februari 2025 watu wengi wameondoka Bukavu: wengine Bujumbura, wengine Kampala, wengine Kinshasa. Kati yao kuna mafundi waliokuwa na funguo za tovuti kwenye simu zao. Kama akaunti ya seva ilifunguliwa kwa barua pepe ya fundi mwenyewe, na si ya shirika, basi shirika halina tena nyumba yake. Linaiona kwa dirisha, lakini haliwezi kuingia hata kuizima.

Sababu ya tatu ni malipo. Seva nyingi zinazobeba tovuti zetu ziko Ulaya au Amerika na zinalipiwa kwa kadi ya benki. Benki za Bukavu zikifungwa, mtu analipa kwa kupitia ndugu wa nje, au kwa kupanda mlolongo wa watu wa pesa za simu, kila mmoja akikata chake. Malipo yakichelewa, jina la domeni linaweza kuanguka mikononi mwa mwingine, kama scpt-network.com lilivyoanguka.

Sababu ya nne ni intaneti. Kusasisha kunakula mega, na mega ni pesa. Kunahitaji pia mtandao ambao haukatiki katikati ya kazi. Wakongomani wanakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serkali ilikata intaneti kwa siku karibu 20. Mwanzoni mwa Februari 2025, shirika la NetBlocks linalofuatilia hali ya intaneti duniani liliripoti kwamba mtandao wa X na duka la Google Play vimezuiwa nchini. Wengi waliongea juu ya X, kwa sababu ndipo habari za vita zilikuwa zikipita. Wachache waliona hatari ya pili: Google Play ndilo duka ambalo simu nyingi za Kongo huchukulia matoleo mapya ya programu. Ukilifunga, unawanyima raia viraka vya programu zao, na unawasukuma kubadilishana programu kwa mkono, simu kwa simu, bila kujua nani amezigusa njiani.

"Ikitembea usiiguse"

Mafundi wengi wa hapa wana neno lao: kitu kikitembea vizuri, usikiguse. Tusiwacheke, maana wana sababu. Toleo jipya linaweza kuvunja tovuti. Kipande kimoja kinabadilisha jina la amri, ukurasa wa kuandikisha wanafunzi unazimika asubuhi ya mwisho ya kuandikisha, na lawama zote zinamwangukia kijana aliyejaribu kufanya vizuri.

Kuna zaidi. Tarehe 8 Septemba 2025, mtunzaji mmoja wa vipande vinavyotumiwa na tovuti nyingi sana duniani alidanganywa kwa barua pepe ya uongo. Wezi wakachukua akaunti yake na kutia msimbo wa wizi katika vipande 18, vikiwemo chalk na debug. Aliyesasisha ndani ya masaa yale alijiletea mwizi kwa mkono wake. Vipande hivyo viliondolewa haraka siku ile ile, lakini tukio liliacha swali: kama kuchelewa ni hatari na kuharakisha ni hatari, mtu afanye nini?

Jibu ni kutofautisha. Kuna matoleo yanayoleta mapambo na kazi mpya. Hayo yanaweza kungoja siku kadhaa, wengine wayajaribu kwanza. Na kuna matoleo yanayotangazwa kwamba yanaziba tundu linalojulikana, hayo hayangoji. Viunzi vingi vina amri inayosoma orodha ya vipande vya tovuti yako na kukuambia vipi vina tundu lililotangazwa. Anayejenga kwa PHP ana amri ya "composer audit", anayetumia JavaScript ana "npm audit". Ni bure, na jibu linakuja haraka. Fundi anayeiendesha kila Jumatatu asubuhi anajua zaidi kuliko yule anayesasisha kila kitu kwa hofu, au yule asiyegusa kitu kwa uvivu.

Kuhusu kuvunjika kwa tovuti, dawa yake ni ya zamani: weka nakala ya akiba kabla ya kugusa, jaribu toleo jipya kwenye nakala, kisha ndipo ulipeleke mbele ya watu. Aliye na nakala anaweza kurudi nyuma. Hofu ya kugusa ni kubwa zaidi kwa asiye na nakala.

Sheria iko Kinshasa, raia yuko Bukavu

Kongo ina sheria juu ya mambo haya. Sheria ya mambo ya dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inaongea juu ya ulinzi wa habari za watu na kupanga vyombo vya serkali vya kusimamia usalama wa mitandao. Kwenye karatasi, anayekusanya majina ya watu ana wajibu wa kuyalinda.

Lakini sheria inahitaji ofisi, na ofisi inahitaji serkali inayofika mahali. Bukavu leo iko chini ya AFC/M23, na Kinshasa haina mkono wa kumfikia shirika lililoacha majina wazi huko Panzi au Muhungu. Raia ambaye jina lake limevuja hana dirisha la kugonga. Na hata kama angekuwa nalo, je, ni salama kwake kusimama hadharani na kusema: mimi ndiye mwenye jina lile katika listi ile?

Kwa hiyo katika hali ya sasa ulinzi wa kwanza hautatoka kwa polisi wala kwa wizara. Utatoka kwa yule aliyeandika jina. Wafadhili nao wana sehemu yao. Anayedai listi za walengwa kabla ya kutoa pesa, kisha anaondoka bila kuuliza listi hizo zimelala wapi, naye amebeba mzigo huo.

Nini kinawezekana hapa, leo

Ushauri unaotoka nje mara nyingi unadhani kila mtu ana kikundi cha mafundi na umeme wa saa 24. Tuseme yale ambayo shirika la Bukavu lenye dola chache linaweza kufanya.

Kwanza, andika orodha. Tovuti ngapi tunazo? Programu ngapi? Ziko kwenye seva ya nani, zinalipiwa lini, zilijengwa kwa kiunzi gani na toleo gani? Karatasi moja inatosha. Equifax iliangushwa na tovuti isiyokuwa katika kichwa cha mtu yeyote.

Pili, rudisha funguo nyumbani. Akaunti ya seva na ya jina la domeni zifunguliwe kwa barua pepe ya shirika, na watu wawili wanaoaminika wawe na njia ya kuingia. Kama fundi yuko Bujumbura au Kampala, mpigie sasa, wakati bado anapokea simu.

Tatu, punguza vipande. Tovuti nyingi za mashirika yetu zinaonyesha maneno na picha tu: sisi ni nani, tunafanya nini, simu yetu ni hii. Kazi hiyo haihitaji kiunzi kizito wala hifadhi ya data. Kurasa za kawaida zisizobadilika, zilizoandikwa kwa HTML tu, karibu hazina cha kusasisha na zinafunguka haraka hata kwa mega chache. Fundi anayekuuzia nyumba ya ghorofa tano wakati unahitaji chumba kimoja, muulize nani atafagia ngazi.

Nne, kama unatumia WordPress, ambayo inabeba zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani, acha ijisasishe yenyewe. Tangu mwaka 2013 ina uwezo wa kujiwekea viraka vidogo vya usalama bila mtu kugusa. Mwezi wa Januari 2017 ilitoa toleo lililoziba tundu kubwa. Waliokuwa wamezima kujisasisha wakabaki nyuma, na katika siku chache kurasa zaidi ya milioni moja zikachafuliwa duniani. Vipande vya nyongeza usivyovitumia, viondoe kabisa. Kuvizima tu hakutoshi.

Tano, na hili ndilo kubwa: usichohifadhi hakiwezi kuibiwa. Mradi ukiisha, majina yatoke kwenye seva. Yanayolazimika kubaki yawekwe mahali pasipounganishwa na intaneti, chini ya ulinzi wa mtu anayejulikana. Fomu inayouliza kijiji, kabila, jina la mume na namba ya simu, wakati mradi ulihitaji idadi tu, ni mzigo ambao mtu mwingine ataubeba kwa mwili wake.

Sita, kila mkataba mpya wa tovuti uwe na mistari miwili ya ziada: nani anatunza baada ya kujenga na kwa bei gani kila mwezi, na tovuti itazimwa lini na nani. Mfadhili akikataa kulipia mistari hiyo, afadhali kukusanya majina kwenye daftari na kulifungia kabatini.

Vijana wanaosoma informatiki katika vyuo vikuu vya mji huu wanaweza kupata kazi hapo. Leo wengi wanashindania kujenga tovuti mpya, na bei zinashuka kila mwaka. Kutunza za zamani hakuna anayekutangaza, kwa sababu tovuti iliyotunzwa vizuri haionyeshi tofauti yoyote kwa macho. Vijana watatu wenye ordinateri moja, betri nzuri na orodha ya tovuti 20, wakilipwa pesa kidogo na kila shirika kila mwezi, wangefanya kazi ambayo leo haina mwenyewe Bukavu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa majina ya watu, methali hiyo inapungukiwa, kwa sababu ukuta unajengwa tena, lakini listi iliyotoka haikusanywi. Mama aliyetoa jina lake Minova ili apatiwe mtoto wake alimwamini mtu aliyekaa mbele yake na kalamu. Hakuulizwa kama seva itasasishwa. Aliyeshika kalamu ndiye mwenye kujibu swali hilo, hata mradi ukiwa umeisha.